Kufundisha Baleti ya Mbangua Kokwa Darasani: Mwongozo wa Mwalimu, Hatua kwa Hatua

Kila Desemba, katika kumbi za maonyesho za Urusi, Ulaya na Marekani, huchezwa baleti ambayo Warusi huiita Shchelkunchik na Waingereza The Nutcracker. Mhusika wake mkuu ni mwanasesere wa mbao aliyevaa sare ya askari, ambaye taya lake hubana kokwa ngumu na kuipasua. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo tayari, kwa kuwa wanawake wa Mtwara na Lindi hubangua korosho kila msimu, na kwa sababu hiyo katika mwongozo huu baleti hiyo nimeiita Mbangua Kokwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa watoto wa miaka 7 hadi 11, hasa yule ambaye hana piano wala ukumbi, ambaye darasa lake limejaa, na ambaye pengine yeye mwenyewe hajawahi kuketi mbele ya jukwaa la baleti. Simu moja, spika ndogo inayosikika hadi dawati la nyuma, chaki na katoni chache zinatosha. Kazi yote inahitaji vipindi saba hivi vya dakika 40, na kwa kuwa shule nyingi za Tanzania na Kenya hufungwa kabla ya Krismasi kufika, ni vyema mwalimu aanze wiki chache kabla ya kufunga muhula.

Jambo moja ninalisisitiza tangu mwanzo: video isitangulie. Baleti ni hadithi inayosimuliwa bila neno hata moja, na mtoto ambaye hajafundishwa kusikiliza muziki na kusoma mwili wa mchezaji ataona nguo zinazometameta tu, kisha atachoka. Masikio yatangulie, ifuate hadithi, kisha mwili, na macho yawe ya mwisho.

Kabla ya kuingia darasani

Mwalimu ajiandae kwa kusikiliza muziki wenyewe mara mbili au tatu akiwa nyumbani. Muziki huo ulitungwa na Mrusi Pyotr Ilyich Tchaikovsky, na baleti ilichezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Mariinsky mjini Saint Petersburg tarehe 18 Desemba 1892 kwa kalenda tunayoitumia leo. Hadithi ilitokana na kisa kilichoandikwa na Mjerumani E. T. A. Hoffmann mwaka 1816, ambacho Mfaransa Alexandre Dumas alikisimulia upya mwaka 1844 kwa namna nyepesi zaidi. Mpangilio wa dansi ulianzishwa na Marius Petipa, lakini aliugua, na msaidizi wake Lev Ivanov akaukamilisha.

Baleti nzima ni ndefu mno kwa darasa. Tchaikovsky mwenyewe alichagua vipande vinane akavifanya mkusanyiko mfupi wa okestra, ambao huchukua dakika ishirini na kidogo. Kutoka humo mwalimu achukue Gwaride, Dansi ya Kichimbakazi wa Peremende (kichimbakazi ni kiumbe wa kike wa hekaya mwenye nguvu za ajabu), Trepaki, Dansi ya Kiarabu na Valsi ya Maua (valsi ni dansi ya mapigo matatu). Kutoka katika baleti kamili aongeze vipande viwili ambavyo havimo katika mkusanyiko huo: Valsi ya Theluji, na dansi kuu ya watu wawili iliyo karibu na mwisho. Hivi viwili asiviache, kwa sababu nitakazozieleza.

Iwapo darasa lina watoto wa dini mbalimbali, wazazi waelezwe mapema kwamba hadithi hii inatokea usiku wa kuamkia Krismasi, lakini haisimulii kuzaliwa kwa Yesu wala haina ibada ndani yake. Inahusu karamu ya nyumbani, zawadi, panya na ndoto ya mtoto. Mzazi akielezwa hivyo kabla ya kipindi cha kwanza, maswali mengi hupata majibu mapema.

Hatua ya kwanza: masikio

Katika kipindi cha kwanza mwalimu asitaje jina la baleti wala la mtunzi. Watoto waweke vichwa juu ya madawati, wafumbe macho, na Gwaride lipigwe hadi mwisho. Kisha waulizwe swali moja tu: ni nani wanaotembea? Majibu yote yapokewe na yaandikwe ubaoni. Baada ya hapo lipigwe tena, na safari hii darasa ligawanywe sehemu mbili, kwa kuwa muziki huu umejengwa kama mazungumzo: tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza husema kwa ukakamavu, na fidla hujibu kwa mbio nyepesi. Upande mmoja wa darasa upige hatua papo hapo kila tarumbeta zinaposikika, na upande wa pili utembeze vidole juu ya dawati kila fidla zinapojibu. Kufikia mara ya tatu watoto huwa wameshajua nani asubiri na nani aingie, na hivyo wamejifunza kwa vitendo jinsi okestra inavyopeana zamu.

Kipande cha pili kiwe Dansi ya Kichimbakazi wa Peremende, na hapa inafaa kukaa kwa muda. Sauti inayofanana na vikengele vidogo hutoka katika chombo kiitwacho selesta, ambacho kwa nje hufanana na piano ndogo, ila nyundo zake hugonga vibao vya chuma badala ya nyuzi. Kilibuniwa na Auguste Mustel wa Paris, aliyekipatia hataza mwaka 1886. Tchaikovsky alikisikia alipopita Paris mwaka 1891, akamwandikia mchapishaji wake akiomba kiagizwe Urusi kwa siri, maana alihofia watunzi wenzake, Rimsky-Korsakov na Glazunov, wangekipata na kukitumia kabla yake. Watoto hukipenda kisa hiki, kwa kuwa wanazifahamu vizuri siri za namna hiyo. Baada ya kukisikia, wapewe chupa tano za kioo zenye maji ya viwango tofauti na kijiko, watafute wenyewe ni chupa ipi inayotoa sauti ya juu zaidi na ni kwa nini. Dansi ikipigwa tena, wainue vidole hewani kila wanaposikia selesta, na wachuchumae kila wanaposikia ile sauti nzito inayoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Hiyo ni klarineti ya besi, chombo cha kupuliza.

Kipande cha tatu kiwe ile dansi kuu ya watu wawili. Kinubi hutangulia, kisha selo huingia na wimbo ambao mwanzo wake ni skeli inayoshuka tu, noti nane kutoka juu hadi chini. Watoto wanaoimba kwaya kanisani au shuleni, waliozoea kusoma nyimbo kwa herufi za d, r, m, wanaweza kuuimba papo hapo: d, t, l, s, f, m, r, d. Mwalimu auandike ubaoni, darasa liuimbe polepole bila muziki, kisha muziki upigwe ili watambue kwamba waliyokuwa wakiyaimba kama mazoezi ya sauti ndiyo haya yaliyogeuzwa kuwa wimbo wenye huzuni na fahari kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hili ndilo zoezi lenye thamani kubwa kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu. Linamwonyesha mtoto kwamba kitu kikubwa kimejengwa kwa kitu anachokijua, na kwamba tofauti imetokana na namna noti zilivyopewa urefu na vyombo vilivyozizunguka.

Hatua ya pili: hadithi

Kipindi kifunguliwe kama inavyostahili. Mwalimu aseme, "Paukwa!" na darasa liitikie, "Pakawa!" Hadithi isimuliwe kwa mdomo, bila picha, na igawanywe mara mbili kama baleti yenyewe ilivyo na matendo mawili.

Katika tendo la kwanza kuna karamu nyumbani kwa msichana Clara na kaka yake Fritz. Katika matoleo mengi ya Urusi msichana huyo huitwa Masha, na katika kisa cha Hoffmann aliitwa Marie, kwa hiyo mtoto akikutana na majina hayo mahali pengine asishangae. Mzee Drosselmeyer, baba wa ubatizo wa Clara, anawasili na wanasesere wa ajabu, akimletea Clara yule mbangua kokwa wa mbao. Fritz anamnyang'anya na kumvunja. Clara anamfunga bandeji na kumlaza. Saa sita ya usiku, nyumba ikiwa kimya, Clara anarudi kumtazama, na hapo mti wa Krismasi unaanza kukua hadi kupita dari, panya wanatoka pande zote wakiongozwa na Mfalme wa Panya, na wanasesere askari wanasimama kupigana nao. Mbangua Kokwa anaelekea kushindwa, Clara anavua kiatu chake na kumrushia Mfalme wa Panya.

Mwalimu asimamie hapo, hata kama watoto watalalamika. Wapewe nafasi ya kuandika au kuchora wanachodhani kitafuata, na kipindi kiishe.

Kipindi kinachofuata kianze na Valsi ya Theluji. Mfalme wa Panya ameshindwa, Mbangua Kokwa amegeuka kuwa mwana wa mfalme, naye anampitisha Clara katika msitu ambamo theluji inaanguka. Mahali hapa, na hapa tu katika baleti nzima, zinasikika sauti za binadamu: kwaya ya wanawake au watoto inaimba "aa" bila maneno. Darasa liimbe pamoja nao. Mtoto ambaye theluji anayoifahamu ni ile ya kileleni mwa Kilimanjaro inayoonekana kwa mbali hawezi kujua jinsi inavyoanguka, kwa hiyo vipande vyepesi vya karatasi vichanwe na kuachiliwa kutoka juu ya dawati, vitazamwe vinavyozunguka kabla ya kutua, na mikono ya watoto ivifuate. Theluji ya jukwaani nayo mara nyingi ni karatasi.

Tendo la pili ni fupi kulisimulia: wawili hao wanafika katika Nchi ya Peremende, ambako Kichimbakazi anawapokea na kuwaandalia sherehe ya dansi mbalimbali. Mwisho wake usitajwe kwanza.

Hatua ya tatu: kusema bila maneno

Wachezaji wa baleti wana ishara zao zilizopokezwa kizazi hadi kizazi. Mkono juu ya moyo humaanisha upendo. Kuzungusha kiganja mbele ya uso, bila kuugusa, humaanisha mtu ni mzuri wa sura. Mikono inayozungukana juu ya kichwa ni mwaliko wa kucheza. Ngumi mbili zilizopishana kwenye vifundo, mbele ya mwili, ni mauti. Kidole kinachoonyesha kidole cha pete ni ndoa. Mwalimu azifundishe hizi tano, watoto waziige, kisha waunde sentensi mbili mbili na wenzao wakisie.

Mazoezi haya yana mahali pake katika baleti. Katika matoleo kadhaa mashuhuri, mwana wa mfalme akifika katika Nchi ya Peremende anamsimulia Kichimbakazi vita vyote kwa ishara peke yake: panya walivyokuja, alivyopigana, Clara alivyorusha kiatu. Kila kundi la watoto watano lipewe dakika kumi kuandaa simulizi hiyo kwa igizo bubu lisilozidi dakika moja. Kiatu kiwakilishwe na soksi iliyokunjwa, ili asiumie mtu. Sharti liwe moja, na lisimamiwe kwa ukali: midomo isitikisike. Mwalimu atagundua kwamba watoto wengine ambao huwa kimya wakati wa kujibu maswali ndio hodari hapa, na inafaa alitaje hilo mbele ya darasa.

Hatua ya nne: miguu na tahadhari

Baleti ina mikao mitano ya msingi ya miguu. Darasani inatosha kufundisha wa kwanza, ambapo visigino hugusana na vidole huelekea nje, na wa pili, ambapo visigino huachana kwa kadiri ya urefu wa unyayo mmoja. Katika mikao hiyo watoto wakunje magoti polepole kwa mapigo manne na kunyooka kwa mapigo manne, mgongo ukiwa umesimama kama ukuta. Asiwepo mtoto anayelazimishwa kugeuza miguu nje kupita anavyoweza, kwa kuwa mgeuko huo hutoka nyongani na kuusukuma kwa nguvu huumiza magoti. Kusimama juu ya ncha za vidole, jambo ambalo watoto wataliona kwenye video na kulitamani, kunahitaji viatu maalumu na miaka ya mazoezi, na kusijaribiwe kabisa. Watoto wapewe sababu hiyo badala ya kukatazwa tu.

Valsi ya Maua inafaa kwa kujifunzia mapigo matatu: moja zito la mguu, mawili mepesi ya makofi. Trepaki nayo ni dansi ya Kirusi ya kasi isiyofika dakika mbili, ambayo mwishoni huzidi kuharakisha hadi ikakatika ghafla. Wachezaji huruka na kuchuchumaa wakirusha miguu mbele. Juu ya sakafu ya saruji hilo ni hatari, hivyo darasa libaki kwenye makofi na kukanyaga, na lijaribu kumaliza pamoja na muziki bila hata kofi moja kubaki nyuma.

Hatua ya tano: chokoleti, kahawa na chai

Dansi za tendo la pili hubeba majina ya vitamu na vinywaji: chokoleti ni ya Kihispania, kahawa ni ya Kiarabu, chai ni ya Kichina. Mwalimu aeleze kwa uaminifu kwamba hizi ni picha za mataifa mengine zilizochorwa na watu wa Saint Petersburg ya mwaka 1892, wala si dansi za mataifa hayo. Wimbo wa Dansi ya Kiarabu, kwa mfano, umetokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa nchi ya Georgia. Siku hizi vikundi kadhaa vya baleti vimebadilisha mavazi na mienendo ya dansi ya Kichina, kwa sababu ilikuwa ikiwafanyia Wachina mzaha. Watoto wa umri huu wanaweza kuelewa hilo wakiulizwa wangejisikiaje iwapo mgeni angecheza ngoma ya kwao kwa kubahatisha.

Hapa ndipo darasa la Afrika Mashariki lina cha kuongeza, kwa kuwa kahawa na chai ni mazao yanayolimwa na jamaa za watoto wenyewe. Kundi moja litunge dansi yake ya Kahawa juu ya muziki uleule wa polepole, likitumia mienendo halisi ya kazi: kuchuma matunda mekundu, kuyaanika, kukaanga, kutwanga, na mwisho kumimina kutoka kwenye dele kama wafanyavyo wauza kahawa wa pwani. Kundi la pili litunge ya Chai kwa mwenendo wa mchumaji anayechuma majani mawili na chipukizi na kuyatupa kikapuni mgongoni. Kakao nayo hulimwa Kyela, na mwalimu wa huko hana haja ya kuagizwa na mwongozo huu. Watoto wake watamfundisha. Ramani itundikwe ukutani, na safari ya kahawa ifuatwe kwa uzi kutoka Ethiopia hadi bandari ya Mokha nchini Yemen, na kutoka huko hadi Ulaya. Jina la kahawa lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu.

Hatua ya sita: mwanasesere wa katoni

Kila watoto wawili wachukue katoni ngumu ya sentimita 30 kwa 12 na kuchora juu yake askari mwenye kofia ndefu. Mahali pa mdomo likatwe tundu la mraba la sentimita 3. Ukanda wa katoni wenye upana unaozidi tundu kidogo na urefu wa sentimita 18 uchorwe meno na ndevu upande wa juu, upitishwe nyuma ya tundu, na ushikiliwe na vipande viwili vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi nyuma ya askari, vikiwa vimelegea kiasi cha kuuruhusu kuteleza. Ukivutwa chini, mdomo hufunguka; ukisukumwa juu, hufunga.

Wanasesere halisi, ambao huchongwa na mafundi wa milima ya Erzgebirge nchini Ujerumani, hutumia wenzo: mpini ulio mgongoni ukiinuliwa, taya hushuka, na ukishushwa, taya hupanda na kubana. Ili watoto waone nguvu ya wenzo, rula mbili za mbao zifungwe pamoja upande mmoja kwa mpira, na karanga yenye ganda ibanwe kwanza karibu na fundo, kisha mbali nalo. Karibu na fundo, ambalo ndilo egemeo la wenzo, itapasuka kwa jitihada ndogo zaidi. Kabla ya zoezi hili mwalimu ahakikishe hakuna mtoto ambaye mwili wake hudhurika kwa karanga.

Hatua ya saba: video, na mwisho wa hadithi

Sasa watoto wako tayari kutazama. Dakika 15 zinatosha: vita vya panya, theluji, na Kichimbakazi. Kabla ya kuwasha, kila dawati lipewe jambo moja la kufuatilia, kama vile ishara waliyojifunza, chombo wanachokisikia, au mguu wa mchezaji unavyotua. Watoto watasikika wakinong'ona "selesta!" kabla mchezaji hajatokea. Waambiwe pia kwamba wakosoaji wengi wa mwaka 1892 hawakuridhika na baleti hii, na kwamba ilichukua miongo mingi kuwa desturi ya Desemba, hasa baada ya San Francisco Ballet kuicheza nzima mkesha wa Krismasi wa mwaka 1944 na mpangaji wa dansi George Balanchine kuiandalia New York toleo lake mwaka 1954, toleo ambalo watoto wengi hushiriki jukwaani.

Onyesho la darasa liunganishe yaliyokwisha kufanywa, kwa dakika 20 mbele ya wazazi au darasa jirani: Gwaride la pande mbili, igizo bubu la vita, theluji ya karatasi na kwaya yake, Kahawa na Chai, kisha skeli inayoshuka ikiimbwa na wote.

Limebaki swali la mwisho wa hadithi, ambalo mwalimu alilificha. Katika matoleo mengi Clara huamka nyumbani, akiwa amemkumbatia mwanasesere wake. Katika kisa cha Hoffmann haikuwa ndoto, na msichana huenda kuwa malkia wa nchi ile. Katika onyesho la kwanza la mwaka 1892, tendo la mwisho lilifungwa kwa picha ya mzinga mkubwa wa nyuki, nyuki wakiruka kuulinda utajiri wao. Darasa lielezwe miisho hiyo mitatu, lipige kura kwa kunyoosha mikono, na mwisho utakaopata kura nyingi ndio uchezwe siku ya onyesho.